Kwa nini darubini ya Webb inatunzwa kwenye baridi kali

Funika makaa ya sigiri kwa majivu, kisha zima taa ya jikoni. Jicho halioni kitu, lakini ukisogeza kiganja unajua moto bado upo. Joto hilo ni nuru pia, ila mawimbi yake ni marefu kupita yale ambayo macho yetu huyapokea. Huitwa infraredi, na ndiyo inayowindwa na darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kutoka Guiana ya Ufaransa.

Galaksi za mbali, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zilitoa nuru yao zamani mno, na tangu hapo ulimwengu umekuwa ukitanuka na kuivuta nuru hiyo njiani. Galaksi ya JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa mwaka 2024, tunaiona ilivyokuwa takriban miaka milioni 290 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Mawimbi yake yamerefuka kama mara 15: yaliyoondoka yakiwa urujuanimno, nuru ya mawimbi mafupi kupita yale tunayoyaona, yanatufikia yakiwa infraredi.

Taabu ni kwamba kila chenye joto hutoa infraredi, darubini yenyewe ikiwemo. Nani atasikia uvuguvugu wa kikombe cha chai kilicho mbali huku anaota moto? Ndiyo maana Webb ipo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, kivulini mwa mwavuli wa matabaka matano unaokaribia ukubwa wa uwanja wa tenisi. Vipande 18 vya kioo chake, chenye upana wa mita 6.5, hukaa kwenye baridi inayopita nyuzi 200 chini ya sifuri. Vimepakwa dhahabu, wala si kwa urembo: dhahabu huakisi infraredi vizuri sana.

Nasi Uganda, tuliopitiwa na ikweta, hatukuachwa mikono mitupu. Mwezi Novemba, mnamo saa nne usiku, mvua ikituruhusu, tazama kaskazini: kile kiwingu hafifu ni galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Geuka kusini, chini kidogo karibu na upeo, utaona Wingu Dogo la Magellan, galaksi nyingine, miaka ya nuru 200,000 hivi. Ulaya hawalioni kamwe. Ila usijaribu katikati ya Kampala, taa zitakushinda. Nenda kijijini usiku usio na mwezi, yape macho dakika 20 yazoee giza, na simu ibaki mfukoni.