Kabla hujauliza bei ya konveya, angalia kitako cha mzigo

Konveya ni ile mashine ya kupitishia mzigo, kwa mkanda au kwa rola. Wateja wengi wakinipigia swali la kwanza ni "fundi, konveya ya mita 10 shingapi?" na mimi nawarudishia swali, bosi unapitisha nini juu yake? Urefu tutaupima tu, konveya inachaguliwa kwa kitako cha mzigo.

Kuna kiwanda kimoja cha sembe walinunua ya rola, nzuri kweli inang'aa, wakaanza kupitisha viroba vya kilo 25, ikawa vinazama katikati ya rola, unga unalala upande mmoja, kiroba kinagoma mpaka kijana akisukume. Rola ni za kitu chenye kitako kigumu, katoni, kreti, na hata hapo hakikisha muda wote katoni imekalia rola 3, yaani ya sentimita 30 basi kutoka katikati ya rola moja hadi nyingine isizidi sentimita 10. Kiroba dawa yake mkanda, chini yake bati.

Spidi sasa. Mashine inashona viroba 6 kwa dakika, kiroba kina sentimita 70, acha nafasi ya 30 kati ya kimoja na kingine, tayari hiyo ni mita 6 kwa dakika, mi naongeza kidogo na kufunga invata, kile kifaa cha kubadili spidi ya mota, ili tupunguze tukitaka. Wanaonunua mtumba ndo wanaliwa hapa, mota ya Marekani ni ya hezi 60, umeme wetu hezi 50, ukiichomeka hivihivi bila invata inapungua moja ya sita, ile mita 6 inakuwa 5, viroba vinapandiana kwenye mdomo wa mashine halafu lawama zote kwa fundi 😅

Ya kupandisha mzigo kwenye lori usiilaze sana wala kuisimamisha, mi siivushi digrii 20, na mkanda uwe wenye uso wa kukwaruza sio ule laini. Kwa bodi ya lori yenye kimo cha mita 1.2 inataka konveya ya kama mita 3 na nusu, pima uwanja wako kwanza.

Kamba ya kuzima konveya kwa dharura ipite urefu wote, swichi moja ukutani haimsaidii aliyenaswa mkono.

Na kabla hujatoa advansi soma namba za beringi, zikiwa za kawaida kama 6204 unazipata Gerezani pale Dar saa hiyohiyo, zikiwa za ajabu ajabu mwambie muuzaji akupe seti ya akiba kabisa.