Barua za Ujiji kwenye mikrofishi: yanayoaminiwa na yalivyo

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji, Kigoma, Agosti 1878. Barua walizotuma kwao ziko SOAS, chuo kikuu kilichoko London, na sehemu kubwa ya makusanyo hayo ilitolewa pia kwenye mikrofishi. Vijana wetu walioko vyuoni nje huzisoma, wakatuma nukuu nyumbani. Nukuu zinafika, asili yake haijulikani, na shajara ya ukoo inajaa maneno yasiyo na mwenyewe. Haya ndiyo yanayosemwa kuhusu kutaja chanzo, na jibu la kila moja.

“Nimeiona barua yenyewe.”
Umeona picha yake. Mikrofishi ni kipande cha plastiki cha milimita 105 kwa 148 chenye makumi ya kurasa zilizopunguzwa mno, hazisomeki bila mashine. Wino mwekundu na penseli vyote huonekana vyeusi au kijivu, na neno la pembeni huweza kukatwa. Kwa hiyo andika wazi: “imesomwa kwenye mikrofishi”.

“Namba ya mikrofishi inatosha.”
Hapa ndipo wengi wanapotuponza. Namba ile ni ya aliyetoa mikrofishi. Ukienda SOAS kuomba karatasi halisi, utaulizwa sanduku na folda. Basi anza na waraka: nani aliandika, kwa nani, kutoka wapi, tarehe gani, ukurasa upi. Fuatisha makusanyo, sanduku, folda na mahali yanapohifadhiwa. Mwisho ndipo iingie namba ya mikrofishi, safu, fremu (picha moja kati ya zilizomo), na siku uliyosoma. Kwa mfano, barua ya mmisionari Edward Hore: Edward Hore, Ujiji, kwa ofisi ya London, tarehe ya barua, uk. 2, London Missionary Society, Afrika ya Kati, barua zilizoingia, sanduku na folda, SOAS, mikrofishi namba fulani, safu ya 3, fremu ya 9.

Kabla hujaiweka mikrofishi kati ya vioo vya mashine, nakili maandishi ya ukanda wake wa juu. Hayo husomeka kwa macho matupu, na ndiyo watu husahau. Tena fremu si ukurasa: fremu moja yaweza kubeba kurasa mbili zilizofunuliwa.

“Jina lililokosewa lirekebishwe.”
Liache kama lilivyo, usomaji wako uweke kwenye mabano ya mraba. Kigoma ilikuwa chini ya Wajerumani hadi 1916, Wabelgiji hadi 1921, kisha Waingereza. Babu mmoja anaweza kuandikwa kwa tahajia tatu, na Ujiji yenyewe utaikuta “Udjidji”. Ukinyoosha majina yote, unaweza kuwaunganisha watu wawili wasiojuana, na mjukuu hatakuwa na njia ya kugundua.

“Ikiwa mtandaoni, mikrofishi haihusiki.”
Picha za mtandaoni huweza kuwa zimetokana na filamu hizo hizo, pamoja na kasoro zake. Ikiwa ndivyo, taja picha ya mtandaoni na mikrofishi pia.

“Karatasi ikipingana na mzee, mzee kakosea.”
Si lazima. Mmisionari alisikia majina kwa sikio geni, mara nyingi kupitia mkalimani, na hakuwa na haja ya kujua nani ni mtoto wa dada na nani wa kaka. Bibi aliyekaa na watu hao anajua. Weka kauli zote mbili, kila moja na chanzo chake: barua kwa utaratibu wa hapo juu, na simulizi kwa jina la msimulizi, uhusiano wake na anayesimuliwa, mtaa alipozungumza, na tarehe.