Kabla ya Kukubali Bei ya Fundi Rangi, Mwache Apime Kuta

Ukiita mafundi rangi watatu hapa Dar es Salaam wakague nyumba moja, utapewa bei tatu zinazopishana sana, na inawezekana hakuna aliyekudanganya. Wa kwanza amepiga hesabu ya kupitisha msasa juu juu na kupaka mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi. Wa pili ameweka skimingi upya, ule unga laini unaopakwa kusawazisha ukuta, na mikono miwili. Wa tatu ameingiza dari, milango na grili za madirisha. Wewe unaona namba tu, unamchukua wa bei ya chini, halafu kazi ikifika katikati maneno yanaanza: "Bosi, milango haikuwemo."

Nasimamia kazi za rangi za ndani ya nyumba, na wateja wangu nawaambia hivi: msilinganishe bei kabla hamjalinganisha kazi. Andikeni kwanza kinachopakwa, ukuta utaandaliwaje, mikono mingapi, rangi ya aina gani. Karatasi hiyo hiyo wapeni mafundi wote.

Bei ya "chumba" mimi siikubali. Vyumba havilingani, na rangi inakwenda ukutani, si sakafuni. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kuta za kimo cha mita 3. Mzunguko wake ni mita 15. Zidisha kwa 3, unapata mita za mraba 45. Toa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na dirisha la mita 1.5 kwa 1.5, zinabaki kama 41. Dari ni 14 nyingine. Rangi ya maji ya kawaida, kwenye ukuta laini ulioandaliwa vizuri, lita moja hutembea takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, na ukuta unaofyonza hula zaidi. Kwa hiyo mikono miwili ya kuta hizo ni kama lita 8. Fundi akikuandikia ndoo nzima ya lita 20 kwa kuta za chumba hicho kimoja, muulize hizo 12 zinakwenda wapi. Akikuandikia lita 4, basi ama anapaka mkono mmoja, ama rangi itaongezwa maji kupita kiasi, na ukuta utaanza kufutika siku ya kwanza ukiupitishia kitambaa chenye maji.

Lakini tofauti kubwa ya bei iko kwenye maandalizi, na ndiyo sehemu ambayo mwenye nyumba haioni kazi ikishakamilika.

Plasta mpya ya saruji iache ikomae, kwa kawaida siku 28, tena zaidi ukiwa msimu wa masika. Ukipaka mapema, unyevu na alkali ya saruji vinaishambulia rangi kwa ndani: inavimba, inapauka, inabanduka. Nyumba nyingi za hapa Pwani zina ugonjwa mwingine, ule unga mweupe wa chumvi unaochomoza chini ya ukuta, kwa sababu mchanga ulikuwa na chumvi au msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu. Kupiga skimingi juu ya ukuta kama huo ni kutupa pesa, hata fundi awe hodari namna gani. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ndani. Tafuta chanzo chake kwanza, iwe bomba, choo cha upande wa pili au udongo uliorundikwa nje.

Ukuta wa zamani upitishie kiganja. Kikitoka cheupe, rangi ya zamani imekuwa vumbi, inatakiwa ikwanguliwe na kupigwa praima, rangi ya chini inayoshikisha rangi ya juu. Na kama nyumba ni ya zamani na ina rangi ya mafuta, usiruhusu ipigwe msasa mkavu. Rangi za zamani za mafuta huweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Alowanishe ndipo asugue, na watoto wasiwepo humo ndani. Hili sina mjadala nalo.

Skimingi ikishapigwa msasa, kague kabla praima haijagusa ukuta. Washa tochi ya simu, iweke karibu na ukuta imulike kwa ubavu. Mawimbi, mikwaruzo ya skrepa na vishimo vyote vitatoa kivuli. Rangi ya silki inayong'aa itaonyesha vivuli hivyo hivyo kila jioni taa ikiwaka, kwa hiyo ukuta wenye mawimbi ni heri upakwe rangi isiyong'aa.

Ndiyo maana nataka bei iandikwe kwa mafungu: skimingi kwa mita ya mraba, kupaka kwa mita ya mraba, milango na grili kwa idadi, vifaa peke yake, ufundi peke yake. Rangi nunua mwenyewe ukiweza, dai risiti, na ndoo ifunguliwe ukiwepo. Kama ni rangi ya kuchanganywa dukani, nunua yote kwa pamoja na utunze namba yake, maana ndoo itakayoongezwa baadaye inaweza kupishana kidogo na ya kwanza.

Malipo yafuate kazi. Advansi ya kuanzia, fungu lingine baada ya kukagua skimingi kwa tochi, lingine baada ya mkono wa kwanza, na salio baada ya kuangalia kuta zikiwa zimekauka, mchana, madirisha wazi. Ila ukikubaliana naye, usimkate bei mpaka ashindwe kumlipa saidia wake, kwa sababu pengo hilo atalijazia kwenye praima usiyoiona. Na akija asubuhi akakuta makochi hayajatolewa, siku hiyo ni ya kwako, mlipe.