Sampuli katika utafiti wa upendeleo wa habari za uchaguzi

Anayedai kwamba gazeti fulani lilimpendelea mgombea fulani anazisemea habari zote lilizochapisha katika kampeni nzima, ilhali mara nyingi amesoma chache tu. Uteuzi wa sampuli ni utaratibu wa kuzipata hizo chache kwa namna ambayo zinaweza kuziwakilisha zile zote. Katika uchambuzi wa maudhui, yaani utafiti unaohesabu kwa utaratibu yaliyomo katika habari, habari zote zinazohusika huitwa kundi lengwa, orodha ambayo mtafiti huchotea huitwa fremu ya sampuli, na kila kinachohesabiwa kimoja kimoja, kiwe makala, aya, picha au sekunde ya matangazo, huitwa kizio cha uchambuzi. Ugumu wa pekee wa utafiti huu ni kwamba upendeleo unaweza kuwa wa mhariri, na unaweza vilevile kuwa wa mtafiti aliyechota vibaya, na katika jedwali la matokeo huwezi kuutofautisha mmoja na mwingine.

Chukua kampeni ya siku 90. Mtafiti hawezi kusoma matoleo yote, basi anaamua kusoma toleo moja katika kila saba, kuanzia Jumatatu ya kwanza. Hii huitwa sampuli ya mpangilio, na kwa juu juu ni ya haki, kwa kuwa hakuna siku iliyochaguliwa kwa matakwa ya mtu. Lakini saba ndiyo idadi ya siku za wiki, hivyo kila toleo litakalosomwa ni la Jumatatu. Iwapo mgombea wa kwanza hufanya mikutano yake mikubwa Jumapili na wa pili hufanya Jumatano, ukurasa wa mbele wa Jumatatu utajaa picha za yule wa kwanza, wiki baada ya wiki, na mtafiti ataripoti kwamba gazeti limeegemea upande mmoja, kumbe alichokipima ni ratiba ya mikutano.

Njia iliyozoeleka ya kuepuka mtego huo ni wiki ya kuundwa. Jumatatu zote za kampeni huorodheshwa, kisha moja huchaguliwa kwa bahati nasibu. Hufanywa hivyo kwa Jumanne, Jumatano na kuendelea, mpaka ipatikane wiki kamili ambayo siku zake zimetoka katika wiki tofauti. Mwaka 1993 Daniel Riffe, Charles Aust na Stephen Lacy walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wiki moja ya namna hiyo ilitosha kuwakilisha miezi sita ya gazeti la kila siku, na kwamba ilifanya kazi vizuri kuliko siku zilizochotwa kwa nasibu tupu au siku zinazofuatana. Matokeo hayo hunukuliwa sana, na nadhani hunukuliwa kwa wepesi mno, kwani walichokipima ni habari za kawaida za gazeti moja. Kampeni haina mwendo wa kawaida. Huanza polepole, hupanda siku ya mdahalo, hushuka, kisha hufurika katika juma la mwisho, na uchotaji wa nasibu unaweza kabisa kuikosa siku ya mdahalo.

Ndiyo maana watafiti wengi hugawa kwanza kipindi chote katika matabaka, kwa mfano uteuzi wa wagombea, kampeni yenyewe na juma la mwisho, halafu huchota ndani ya kila tabaka. Hapo kuna sharti moja ambalo husahaulika: tabaka lililochotwa kwa wingi kuliko stahiki yake lazima lipunguziwe uzito wakati wa kujumlisha, la sivyo juma moja litaisemea kampeni ya miezi mitatu.

Hata hivyo, makosa makubwa zaidi hutokea kabla ya kuchota, wakati wa kutengeneza fremu. Siku hizi habari hutafutwa kwenye hifadhi za kidijitali kwa maneno maalumu, na mtafiti huandika "uchaguzi", "kampeni" au "mgombea" na kupokea maelfu ya makala. Tuseme mmoja wa wagombea yuko madarakani. Akizindua daraja wiki mbili kabla ya kura, habari hiyo humwita kwa cheo chake, humsifu kwa daraja, wala haitaji uchaguzi popote. Haimo katika fremu, kwa hiyo haiwezi kuingia katika sampuli hata ikichotwa kwa nasibu iliyo safi namna gani. Mpinzani wake hana daraja la kuzindua. Karibu kila anapotajwa, anatajwa kama mgombea. Hesabu ya mwisho inaweza kuonyesha kwamba mpinzani ndiye aliyepewa nafasi kubwa zaidi. Tiba yake si ngumu, ila inachosha: tafuta majina na vyeo vyote vya wahusika, kisha soma kwa macho siku chache nzima nzima ili kuona ni habari gani zilizokosekana.

Ukubwa wa sampuli nao una mipaka yake. Habari 400 zilizochotwa kwa nasibu, ambazo takriban nusu yake ni za upande mmoja, zina kosa la sampuli, yaani tofauti inayoweza kuletwa na bahati ya kuchota tu, la karibu pointi 5 za asilimia juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Zikiwa 100, kosa hukaribia pointi 10. Kwa hiyo asilimia 52 dhidi ya 48 katika habari 400 si ushahidi wa upendeleo. Tena hesabu hiyo hudhani kwamba kila habari imechotwa peke yake. Mtafiti aliyechota siku kumi, akasoma habari 40 za kila siku, anazo 400 kwa jina tu, kwa kuwa habari za siku moja huzunguka tukio lilelile.

Mwaka 2000 Dave D'Alessio na Mike Allen walikusanya tafiti 59 kuhusu chaguzi za urais za Marekani tangu 1948, wakatenganisha upendeleo wa aina tatu: wa kuamua habari ipi ipite, wa kiasi cha nafasi inayotolewa, na wa kauli zinazotolewa. Aina mbili za mwisho hupimika kwa sampuli ya kilichochapishwa. Ya kwanza haipimiki hivyo, kwa sababu habari iliyotupwa kwenye chumba cha habari haimo katika toleo lolote. Anayetaka kuikaribia huacha gazeti kando, huchota sampuli yake kutoka ratiba za mikutano ya vyama vyote, taarifa zao kwa vyombo vya habari au habari zilizosambazwa na mashirika ya habari, kisha hurudi gazetini kuhesabu ni mikutano mingapi ya kila upande iliyopata walau aya moja.