Mtu Ameanguka Ghafla: Wekeni Ndoo Chini, Bonyezeni Kifua

Wagonjwa wengi walioanguka ghafla wanafika mapokezi ya hospitali nguo zimelowa chapachapa kwa maji waliyomwagiwa, kitunguu kimesagwa puani, na ndugu wanne wamewashika mikono na miguu. Tukiuliza nani amebonyeza kifua, watu wanatazamana. Ndiyo sababu ya maswali haya ya ndugu kuhusu moyo kusimama, na majibu yetu.

Moyo kusimama ndiyo presha?

Hapana. Presha ni msukumo wa damu. Moyo kusimama ni moyo kuacha kusukuma damu kabisa. Mtu anaanguka, hajibu, hapumui kawaida. Ubongo huanza kufa ndani ya dakika 4 hadi 6.

Lakini mgonjwa wetu alikuwa anakoroma. Si alikuwa anapumua?

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuvuta pumzi moja nzito ya kukoroma, mdomo wazi kama samaki aliyetolewa majini, kisha kimya, kisha nyingine. Huko si kupumua. Mguse bega, mwite kwa sauti, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Haitiki na hapumui kawaida? Anza kubonyeza.

Tumesikia hospitali humpoza mgonjwa ili kulinda ubongo. Basi maji ya baridi ya Mbeya si ndiyo dawa?

Hapana, tena hapana. Wanaopozwa ni wale ambao moyo umesharudi kupiga lakini hawajazinduka. Moyo ukiwa umesimama, damu haizunguki. Ndoo ya maji itapoza ngozi tu, na baridi hiyo haitafika kwenye ubongo kwa wakati, kwa sababu hakuna damu ya kuipeleka. Wakati huohuo dakika mbili zimeishia kwenye kutafuta ndoo na kuchota maji, na dakika hizo ndizo ubongo ulikuwa unazihitaji. Maji mengine yanaingia mdomoni na kushuka mapafuni. Na mashine ya kushtua moyo hutaka kifua kikavu, kwa hiyo tunaanza kwa kumfuta.

Hata wataalamu wamejaribu kuwahi. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wahudumu wa gari la wagonjwa waliwawekea watu ambao moyo umerudi hadi lita 2 za dripu ya nyuzi 4, wakiwa bado njiani. Waliopona hawakuongezeka. Mioyo iliyosimama tena njiani ndiyo iliyoongezeka, na maji kwenye mapafu pia.

Nimwagie kidogo tu, usoni?

Hapana. Bonyeza kifua.

Hospitali wanafanyaje, basi?

Joto la mwili likishuka nyuzi 1, ubongo hupunguza matumizi ya oksijeni kwa takriban asilimia 6. Mwaka 2002 tafiti mbili, moja ya Australia na nyingine ya Ulaya, zilionyesha faida ya kumshusha mgonjwa hadi nyuzi 32 hadi 34 kwa saa 12 hadi 24. Utafiti mkubwa wa 2021 ukaonyesha kuwa nyuzi 33 hazikushinda kuzuia homa tu. Kwa hiyo siku hizi mkazo mkubwa ni homa isipande: joto lisizidi 37.5, kwa saa 36 hadi 72.

Kazi hiyo hufanyika wodi ya wagonjwa mahututi, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kupumulia, kipimajoto kimeingizwa kwenye kibofu au koo la chakula. Hutumika parasetamo, pakiti za barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, au blanketi ya maji baridi, pamoja na dawa za usingizi. Dawa hizo ni za lazima, maana mtu akitetemeka mwili unatumia oksijeni zaidi na kuzalisha joto lilelile tunaloliondoa. Akishuka mno, mapigo yanavurugika, damu inachelewa kuganda, maambukizi yanapata nafasi. Aliyeshushwa hurudishwa polepole, robo hadi nusu nyuzi kwa saa. Beseni la nyumbani halina hata kimoja kati ya hivyo.

Na yule daktari wa kule Norway aliyenaswa chini ya barafu akapona?

Ni Anna Bågenholm, mwaka 1999, joto la mwili lilishuka hadi 13.7. Lakini alipata mfuko wa hewa chini ya barafu, akaendelea kupumua huku mwili unapoa; moyo ulisimama baadaye. Ubongo ulitangulia kupoa. Wa kwenu moyo umetangulia kusimama. Ukimkuta mtu amelala nje usiku wa Julai huko Makete au Kitulo, kazi ni kinyume kabisa: mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi. Kama hapumui, bonyeza, na msimwite marehemu kwa sababu tu ni wa baridi.

Nibonyezeje?

Mlaze chali sakafuni. Godoro linabonyea, kifua hakibonyei. Kiganja kimoja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kifua, kingine juu yake. Mikono imenyooka, tumia uzito wa mwili. Shuka sentimita 5, usizidi 6, kisha acha kifua kirudi juu chote. Mara 100 hadi 120 kwa dakika. Utachoka haraka, na ukichoka unabonyeza juujuu bila kujijua, kwa hiyo pokezaneni kila dakika 2. Mtoto, au aliyezama maji, anahitaji na pumzi: ukijua, mibonyezo 30 kwa pumzi 2.

Msiogope mbavu. Ubavu uliovunjika unaunga.

Tumemkuta chumbani na jiko la mkaa linawaka?

Mtoeni nje kwanza, la sivyo hewa ya sumu ya mkaa itawalaza wote. Kisha kifua. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni kosa linalorudi kila msimu wa baridi, na tunasikitika kuona bado linafanyika.

Amezinduka, anasema yuko sawa. Apumzike mpaka kesho?

Kesho hapana, sasa. Moyo uliosimama mara moja unaweza kusimama tena ndani ya saa hiyohiyo. Msimpitishe kwingine kwanza, msimpe uji wala maji. Ndani ya Noah mlaze kwenye sakafu, mmoja akae karibu na kifua chake. Mkifika mwambieni daktari saa aliyoanguka, saa mlipoanza kubonyeza na saa alipozinduka. Andikeni kwenye kiganja kama hakuna karatasi.