Maana ya ufasaha katika mtihani wa kuzungumza Kiingereza

Ufasaha, katika mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ni uwezo wa kuendelea kusema kwa muda bila kukwama kwa kutafuta maneno, huku msikilizaji akifuata anachoambiwa bila taabu. Maana hii ni tofauti na ile tuliyoizoea Mombasa, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ndiyo inayowapotezea alama watahiniwa wengi wa hapa, watu ambao Kiingereza wamekisoma tangu utotoni na kukitumia kazini kila siku.

Neno letu limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake ulisemwa pia kuhusu maziwa yaliyoondolewa povu yakabaki safi. Mtu fasaha kwetu, basi, ni yule ambaye maneno yake yamechujwa: hana neno la ovyo, na akisema watu hunyamaza. Mji uliomlea mshairi Muyaka bin Haji umezoea kuipima lugha hivyo. Neno la Kiingereza ambalo sisi hulifasiri kwa "ufasaha" lina asili nyingine kabisa, kwani limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutiririka. Kipimo cha kwanza huuliza kama maneno ni mateule, na cha pili huuliza kama yanakwenda.

Nitautumia mtihani wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, kama mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa mitihani inayokubaliwa kwa wauguzi wanaotaka kusajiliwa Uingereza, ambako msajili wao hudai alama 7 kati ya 9 katika kuzungumza. Sehemu hii huchukua dakika 11 hadi 14, mtahiniwa akizungumza na mtahini mmoja, na mazungumzo yote hurekodiwa. Vigezo ni vinne na vina uzito sawa: ufasaha pamoja na muwala (yaani mawazo kufuatana na kushikana vizuri), msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Mazungumzo huanza kwa maswali mepesi ya nyumbani, kazi na mambo ya kila siku, na huishia kwa mjadala wa mambo mapana zaidi. Katikati ndipo penye kazi. Mtahiniwa hupewa kadi yenye mada, hupewa dakika moja ya kujiandaa pamoja na karatasi na penseli, kisha hutakiwa kusema peke yake kwa dakika moja hadi mbili.

Mpwa wangu ni muuguzi, na nimekuwa nikimsikiliza akifanya mazoezi. Jioni moja nilimpa mada ya kueleza mahali karibu na maji anapopenda kwenda, naye akachagua ufuo wa Mama Ngina. Alianza vizuri, akaeleza madafu, mihogo ya kukaanga na meli zinazoingia bandarini zikipita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia. Kisha akataka kuuzungumzia upepo wa kusi, na neno la Kiingereza halikuja. Akanyamaza. Simu iliyokuwa ikimrekodi ilionyesha baadaye kuwa kimya hicho kilidumu sekunde tisa. Aliporudi aliomba radhi, akairudia sentensi iliyotangulia, akaisahihisha katikati, halafu akasema yale ya mihogo mara ya pili.

Aliposikiliza alisema, "Mjomba, kumbe tatizo ni msamiati." Nilimwambia hapana. Msamiati alikuwa nao wa kutosha kusema "upepo mkali unaotoka kusini katikati ya mwaka", na maneno yote hayo aliyajua kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Kilichomsimamisha ni kuamini kwamba sharti apate neno moja lililo sawasawa na "kusi", na akilikosa hana la kusema. Kulizunguka neno lililokukimbia ni ustadi, na katika mtihani huu ni ustadi unaohesabiwa upande wa msamiati pia.

Maelezo ya alama yanalionyesha jambo hili waziwazi. Anayepata 5 kwa kawaida huweza kuendelea kusema, ila anategemea kurudia maneno, kujisahihisha na kwenda polepole, na huenda akatumia viunganishi vilevile kupita kiasi. Wa 6 yuko tayari kusema kwa kirefu, lakini mara nyingine hupoteza muwala kwa sababu ya kusita au kurudia. Wa 7 husema kwa kirefu bila kuonekana akijikaza, ingawa bado anaweza kusita mara mojamoja kwa sababu ya lugha. Juu kabisa, kwenye 9, kusita kunaruhusiwa bado, lakini msikilizaji hutambua kwamba msemaji anatafuta wazo, wala hatafuti neno au kanuni ya sarufi. Kwa hiyo mtahini hahesabu kimya peke yake, bali hutazama kimesababishwa na nini.

Kuna sababu ya kimazingira inayotufanya sisi kukwama. Mchana kutwa tunasema Kiingereza kilichobebwa na Kiswahili: neno moja la huku, matatu ya kule, na tukipungukiwa tunatia "yaani" na kuendelea. Mwenzetu anaelewa, kwa hivyo hatujui ni mara ngapi tumevuka. Mtu anaweza kufanya kazi hotelini Nyali kwa miaka mingi, akawahudumia wageni vizuri sana, na bado hajawahi kusema dakika mbili mfululizo kwa Kiingereza kitupu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtaka afanye hivyo. Zoezi la maana, basi, ni hilohilo la dakika mbili, kila siku, kwa sauti, likirekodiwa na kusikilizwa.

Njia inayofuatwa na wengi ni kukariri majibu, pamoja na orodha ya maneno mazito na viunganishi vya insha. Ninawaelewa, maana ndivyo tulivyofundishwa kuheshimu lugha. Lakini watahini wamefunzwa kulitambua jibu la kukariri, nalo huonekana haraka, kwani mtu hutiririka kwa sentensi tano kisha swali likigeuzwa kidogo hupoteza njia kabisa. Ni heri kumwomba mtahini arudie swali, jambo ambalo halina kosa lolote.

Matamshi nayaacha kwa maneno machache. Lafudhi ya pwani haipunguzi alama maadamu mtu anaeleweka bila shida, na aliyezoea kutamka "thamani" na "dhahabu" sawasawa tayari anazo sauti mbili za Kiingereza ambazo wengi kwingineko huzitolea jasho. La kuangalia zaidi ni irabu tunazoongeza mwishoni mwa maneno yanayoishia kwa konsonanti.

Mpwa wangu sasa hurekodi baada ya sala ya isha, kisha huandika kila mahali aliponyamaza na sababu yake. Juzi alinisikilizisha maelezo yake ya nyumba ya bibi yake Kibokoni, yakiwa na vimya vitatu. Viwili vilikuwa vya kutafuta neno, nasi tukavifanyia kazi kwa kutafuta namna nyingine ya kusema jambo lile. Cha tatu kilikuja mwanzoni, alipokuwa akiamua kama aanzie mlangoni au uani, na hicho nilimwambia akiache kama kilivyo.