Je, wajua kwa nini maharage hupukutisha maua kwenye joto la Pwani, ilhali kunde ndefu huzaa?

Kila Januari, hapa Dar es Salaam, maharage yangu ya nyuma ya nyumba yalistawi, yakachanua, kisha maua yakapukutika yote. Nikaamua ni kiu. Nikawa namwagilia asubuhi na jioni, nayo yakazidi kupukutika.

Kosa hili wengi tunalo, kwa sababu lina mantiki: jua kali, udongo mkavu, ua chini. Na ni kweli kiu huangusha maua. Lakini mmea wenye kiu hunyauka majani, na majani yangu yalikuwa mabichi, yamesimama. Nilikuwa naelekea kuozesha mizizi bure. Jua la mchana nalo si mkosaji mkuu. Kinachoyaumiza zaidi maharage ni joto la usiku.

Ndani ya ua, chavua hukulia kwenye vifuko vidogo, na kila kifuko kina utando wa ndani unaozilisha. Uchukulie utando huo kama jiko la mama lishe: chavua ndio wateja, na moto unatakiwa uwake mpaka wa mwisho ashibe. Usiku wa joto, jiko hufungwa mapema. Wateja wanabaki na njaa, chavua zinasinyaa, na vifuko vinashindwa kupasuka ili kuzimwaga. Kwenye kunde, ambako jambo hili limechunguzwa kwa kina, madhara huingia kama siku 7 hadi 9 kabla ua halijafunguka. Kwa hiyo ua unalolisifia leo asubuhi liliharibika wiki iliyopita likiwa bado tumba, na ndoo ya leo imechelewa.

Maharage asili yake ni nyanda za juu za Amerika, ndiyo maana Mbeya na Kagera yanakubali. Usiku ukizidi nyuzi 20 hivi huanza kutaabika. Dar mwezi wa pili usiku hukaribia nyuzi 25.

Kunde ndefu, ile yenye maganda kama kamba, si maharage, ingawa zote ni za familia moja ya mikunde. Ni kunde yetu ya Afrika, inayostahimili joto kuliko maharage; ilifika Asia, wakulima wa huko wakaendelea kuchagua yenye maganda marefu zaidi, kizazi hata kizazi. Sehemu ya jina lake la kisayansi, sesquipedalis, ina maana ya futi moja na nusu, na maganda mengi hulipita jina hilo.

Hata hivyo, nayo ina kikomo. Utafiti wa California ulionyesha kuwa aina nyingi za kunde huumia usiku wa joto, hasa siku zikiwa ndefu. Huku kwetu, mchana ukiwa wa saa 12 hivi, madhara ni madogo zaidi.

Ipe miti ya mita 2 ipande, na uchume kila baada ya siku mbili kabla mbegu hazijavimba, maana ganda likikomaa mmea hupunguza maua mapya. Ukitaka kuyaona maua yake, wahi asubuhi, adhuhuri yameshajifunga.